Wauza swichi janja Kariakoo, acheni kutudanganya kwamba zinafanya kazi bila intaneti

Wakuu, nimekaa na jambo hili tangu Jumamosi nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Nilikwenda duka moja Kariakoo kuchukua swichi janja sita, zile za taa unazoziamuru kwa simu. Hapohapo nilishanunua nne mwaka juzi, nikazifunga nyumbani Mbezi, hazijawahi kunisumbua hata siku moja. Nikamuuliza muuzaji mara mbili, mke wangu akiwa shahidi: hizi zinafanya kazi bila intaneti kama zile za mwanzo? "Ni zilezile boss, boksi si unaliona?" Kweli boksi ni lilelile, hata namba ya toleo ni ileile. Nikalipa 38,000 kwa kila moja.

Nafungua ya kwanza nyumbani, chipu ya ndani ni nyingine! Zile za zamani zina ESP8266: unafuta programu ya kiwandani, unaweka Tasmota, programu huria ya bure, na kuanzia hapo swichi inaongea na seva yako tu, yaani kompyuta iliyoko nyumbani kwako. Hizi zina BK7231, na kabla hujajisajili kwa kampuni iliyoko nje ya nchi hazipokei amri yoyote kutoka kwenye simu. Kitufe cha ukutani kinawasha taa, sawa, lakini kwa hiyo kazi kuna swichi za elfu tatu.

Msiniambie kuhusu OpenBeken, programu kama Tasmota ya chipu hizi mpya. Naijua, na nimeshaiweka kwenye mbili, nikisoda waya nne kwenye vitundu vidogo kama punje ya mtama mpaka saa nane usiku. Mimi naweza. Je, mama mkwe wangu aliyeuziwa boksi hilohilo kwa maneno hayohayo, naye akasode?

Na kwa nini jambo hili linaniuma kiasi hiki? Tarehe 12 Mei 2024, mnakumbuka, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikabaki inahangaika na intaneti. Wakati huo pampu yangu ya kisima ilikuwa chini ya mfumo wa kampuni. Sensa ya maji iko kisimani, relei, yaani swichi inayozima na kuwasha pampu, iko ukutani, hazizidi mita kumi na mbili kati yake. Lakini taarifa ya "maji yameisha, zima" ilikuwa lazima isafiri mpaka seva ya ng'ambo ndipo irudi kama amri. Siku ile haikurudi. Pampu ilizunguka kavu mpaka ikaungua. Pampu nzima, na wiki mbili za kununua maji ya boza, kwa sababu waya umekatika baharini mbali na kisima changu!

Ndipo nikaamua kuweka seva yangu. Kompyuta ndogo ya ofisini, mtumba, RAM ya GB 8, imekaa nyuma ya televisheni na Home Assistant ndani yake, programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani. Inakula kama wati 15, yaani uniti 11 hivi za LUKU kwa mwezi, na nimeiwekea betri pamoja na ruta kwa ajili ya umeme kukatika. Tangu hapo intaneti ikatike isikatike, pampu inazima. Picha za watoto nazo ziko humohumo, programu ya Immich inazipanga vizuri tu. Sijajenga haya yote ili mtu aniingizie tena kamba ya ng'ambo kupitia boksi lenye sura ileile.

Wenzetu Marekani yaliwakuta. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa janja vya nyumbani, zilizimwa bila taarifa, watu wakaamka programu ya simu haifanyi kazi. Kabla ya hapo, 2016, huduma ya Revolv ya kuongoza vifaa vya nyumbani ilizimwa na kifaa ambacho watu walikilipia dola mia tatu kikabaki pambo. Hao walikuwa na kampuni ya kuilalamikia. Sisi hapa tunamlalamikia nani, kijana wa kaunta?

Nilirudi dukani Jumatatu. Nikaoneshwa maandishi ya chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nikamwambia sirudishi kwa kuwa nimebadili mawazo, narudisha kwa kuwa ulichoniambia si kweli. Akageukia mteja mwingine. Risiti ninayo, picha za chipu zote mbili ninazo, na wiki hii napeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Sheria ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na mimi nimepotoshwa mbele ya shahidi.

Kama na wewe umeuziwa boksi la namna hii, weka hapa picha ya chipu na mwezi ulionunua, nataka tupeleke malalamiko pamoja. Na mwenye kujua anayeuza swichi za Zigbee (zinaongea kwa redio ya masafa mafupi, si kwa intaneti) zisizohitaji waya wa nyutro hapa Dar aseme, maana fundi aliyejenga nyumba yangu hakuacha nyutro kwenye boksi za swichi, na hizi nne zilizobaki sizifungi.