Muundo wa mishahara kwa wafanyakazi 120: tuanzie wapi?

Mpya_Utumishi

Wakuu, naomba mwongozo wa wazoefu. Taasisi ina wafanyakazi 120 katika vyeo 34. Mishahara ilipangwa kwa maelewano ya siku ya kuajiriwa, kwa hiyo watu wawili wenye kazi ileile wanapishana hadi asilimia 40. Uongozi unataka madaraja ya mishahara yawe tayari ndani ya miezi sita. Tathmini ya kazi ifanyweje kwa taasisi ndogo hivi? Upana wa daraja unapatikanaje? Watakaoangukia nje ya madaraja tuwafanyeje? Halafu kuna kitengo cha mauzo kinacholipwa kamisheni, sijui kiingie humo au kibaki pembeni.

Kokotoo

Anza na kazi, orodha ya malipo iache kabatini. Ukichora madaraja juu ya mishahara iliyopo, utaupiga muhuri upendeleo uleule wa zamani. Kamati ya tathmini isione mshahara wala jina la mtu. Inapima kiti, haimpimi aliyekikalia.

Kwa vyeo 34 tumia alama kwa vigezo. Vinne vinatosha: ujuzi, wajibu, juhudi na mazingira ya kazi. Mathalani, katika alama 1,000, ujuzi upewe 400, wajibu 350, juhudi 150, mazingira 100. Kila kigezo kigawe katika ngazi tano, na kila ngazi iandikwe kwa maneno yanayoweza kuthibitishwa. "Ana wajibu mkubwa" hayasemi kitu. "Anaidhinisha malipo bila saini ya pili" yanasema.

Kamati iwe ya watu watano hadi saba wanaozijua kazi za idara mbalimbali. Kila mmoja atoe alama peke yake kwanza, ndipo walinganishe. Wanapopishana zaidi ya ngazi moja, warudi kwenye maelezo ya majukumu. Wakianza kujadiliana kabla ya kuandika, alama zote zitakuwa za mkubwa aliyemo chumbani. Waanze na kazi nane hadi kumi zinazojulikana na wote, ziwe kielelezo, kisha nyingine zipimwe kwa kulinganishwa nazo.

Angalieni kigezo cha juhudi. Kubeba mzigo kunaonekana, lakini kutuliza wateja wenye hasira kutwa nzima au kukagua tarakimu ndogo kwa saa nane hakuonekani. Kazi za namna hiyo mara nyingi zinafanywa na wanawake, na hapo ndipo kanuni ya malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, iliyomo katika Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1951, inapovunjwa bila mtu kukusudia.

Baada ya alama ndipo soko. Linganisheni majukumu, si jina la cheo. "Meneja" wa pengine ni msimamizi wa zamu kwenu. Takwimu za soko huwa zimeshazeeka mkizipata, kwa hiyo zisogezeni mbele. Kama ni za Aprili 1, madaraja yanaanza Januari 1, na soko linapanda asilimia 6 kwa mwaka, hiyo ni miezi tisa: zidisheni kwa 1.045. Kisha chora grafu, alama kwenye mhimili wa chini na mshahara wa soko kwenye mhimili wa wima, upitishe mstari unaozikaribia nukta zote. Kima cha kati cha kila daraja kinasomwa kwenye mstari huo.

Upana ni hesabu tu. Ukitaka kima cha juu kizidi cha chini kwa asilimia 50, gawa kima cha kati kwa 1.25 upate cha chini, kisha zidisha cha chini kwa 1.5. Kima cha kati kikiwa 1,000, daraja linaanza 800 na kuishia 1,200. Madaraja ya chini hutosheka na asilimia 30 hivi kwa sababu kazi inajifunzwa haraka na mtu anapanda cheo mapema. Ya wataalamu yanahitaji 50 au zaidi, kwani mtu hukaa humo miaka mingi akizidi kukomaa. Kati ya kima cha kati cha daraja moja na kinachofuata acheni asilimia 10 hadi 15. Ikipungua hapo, anayepandishwa cheo haoni tofauti mfukoni.

Mizani

Naungana na Kokotoo isipokuwa kwenye imani ya alama 1,000. Zinaonekana kama kipimo cha maabara na sivyo. Ukiweka mpaka wa daraja kwenye alama 500, kazi yenye 496 na yenye 503 zitatenganishwa na tofauti ndogo za makadirio ya kamati tu. Panga kazi zote 34 kwa mfuatano wa alama, utafute mahali zilipoachana zenyewe, na mpaka uupitishe kwenye pengo hilo. Kwa taasisi hii madaraja manane hadi kumi yanatosha.

Sasa walio nje ya madaraja, maana hapa ndipo fedha ilipo.

Walio chini ya kima cha chini: jumlisha kiasi kinachohitajika kuwafikisha wote, na fanya hivyo kabla hata neno moja halijatangazwa. Msihesabu mshahara wa msingi peke yake. Mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii, malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo vinapanda nao pale vinapokokotolewa kutoka humo. Jumla ikiwa ndogo, tuseme asilimia 2 ya bajeti ya mishahara, maliza mara moja. Ikiwa 6 au 7, gawa kwa awamu mbili au tatu na uanze na walioachwa mbali zaidi, tarehe za awamu zikiwa zimeandikwa.

Walio juu ya kima cha juu: usiwakate. Mshahara wa msingi unasimama palepale mpaka daraja liwafikie, na mwaka wa utendaji mzuri wanapewa malipo ya mkupuo yasiyoingia kwenye msingi. Kumpandisha mtu cheo cha bandia ili mshahara wake upate pa kukaa ndiyo njia ya mkato inayopendwa sana. Kila aliyekuwa sawa naye ataomba vivyo hivyo.

Kuna mtego wa tatu usiotajwa sana. Ukiwapandisha wa chini hadi kima cha chini, mgeni wa miezi mitatu anakuwa sawa kwa mshahara na aliyeifanya kazi hiyo miaka sita. Umeondoa manung'uniko mamoja ukaanzisha mengine. Tenga sehemu ya fedha ya kusogeza wazoefu ndani ya daraja, na uangalie pia pengo kati ya msimamizi na anayemsimamia. Likishuka chini ya asilimia 10, hakuna atakayeutaka usimamizi.

Fungu_na_Kamisheni

Kuhusu mauzo: kazi ipimwe na kuwekwa daraja kama nyingine. Linalobadilika ni namna malipo yanavyogawanywa. Kama malipo kamili ya lengo ni 1,000, mnaweza kuweka 700 ya kudumu na 300 ya kamisheni kwa anayefikia lengo kwa asilimia 100. Kadiri muuzaji anavyokuwa na nguvu ndogo juu ya uamuzi wa mteja, ndivyo sehemu ya kudumu inavyopaswa kuwa kubwa.

Epukeni ukuta. Mpango unaotoa sifuri kwa asilimia 99 na 300 kwa asilimia 100 unawafundisha watu kuhamisha ankara kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Fanyeni mteremko: chini ya 80 hakuna kitu, kwenye 80 anapata 150, kisha kila asilimia moja inaongeza 7.5 hadi 300. Kupita lengo, kila asilimia ilipe zaidi kidogo, mfano 9.

Kingine, mkilipa kamisheni kwa ankara iliyoandikwa badala ya fedha iliyoingia, mtapata mauzo mengi na madeni mabovu mengi. Nusu ilipwe mkataba unaposainiwa, nusu fedha ikiingia. Punguzo la bei lipunguze kamisheni, la sivyo muuzaji atagawa faida yenu ili afike lengo lake. Na vipimo visizidi vitatu. Cha nne hakuna anayekikumbuka.

Mpya_Utumishi

Asanteni sana wakuu. La mwisho: nyongeza ya mwaka iwe sawa kwa wote au kwa utendaji? Na wafanyakazi waambiwe madaraja yao?

Kokotoo

Mkuu, kwanza tenganisha mambo mawili: kusogeza madaraja kwa sababu ya soko, na kumwongeza mtu kwa sababu ya kazi yake. Nyongeza ya mtu iangalie utendaji pamoja na mahali alipo ndani ya daraja, yaani mshahara wake ni asilimia ngapi ya kima cha kati. Mfano, bajeti ni asilimia 4, na kwa utendaji mzuri aliye chini ya 90 apate 6, wa 90 hadi 110 apate 4, aliye juu ya hapo apate 2. Sasa ipime: kama makundi hayo yanabeba asilimia 30, 50 na 20 ya mishahara yote, gharama ni 1.8 + 2.0 + 0.4, yaani 4.2. Imezidi. Shusha ile 2 iwe 1, inarudi 4.0 kamili. Hesabu hii inavunjika pale mameneja wanapompa kila mtu "bora sana", kwa hiyo alama za utendaji zilinganishwe idara kwa idara kabla ya nyongeza kuidhinishwa.

Waambiwe, ndiyo. Kila mtu apewe barua yenye daraja lake, kima cha chini, cha kati na cha juu, na mshahara wake unapoangukia.

Mizani

Na mameneja wafundishwe wiki moja kabla ya barua kutoka, maana maswali yatawafikia wao kwanza. Rufaa iwe na siku 30, na ipokee ushahidi wa majukumu tu: "ninasimamia watu wanne na maelezo yangu ya kazi yanasema wawili" inasikilizwa, "jirani yangu analipwa zaidi" haisikilizwi. Atakayekaa kuamua rufaa asiwe miongoni mwa waliotoa alama za mwanzo.