Kuacha mkorogo bila uso kubabuka: aanzie wapi?

Nuru_Tanga: Habari wapendwa. Mtu amepaka mkorogo miaka kadhaa, uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi tii, sasa anataka rangi yake. Aache ghafla au apunguze? Na yale maneno ya "mbona umefubaa" atayajibuje mpaka ngozi itulie?

Mama_Ngozi: Inategemea kilichomo kwenye kopo. Ukiona "mercury" au "calomel" hiyo ni zebaki, inaharibu figo; aache leo, hasa mjamzito na anayenyonyesha. "Hydroquinone", dawa ya kung'arisha ngozi, nayo aache mara moja. Ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa bluubluu mashavuni, na watu hujaribu kuufuta kwa kuongeza dawa ileile!

Yenye visa ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho: "clobetasol", "betamethasone". Mkorogo wa kuchanganyiwa dukani hauna lebo, kwa hiyo chukulia imo. Ukiikatisha, uso unaweza kuwaka, kuvimba na kujaa chunusi. Hapo wengi husema "ngozi imekataa" na kurudia kopo, kumbe ni mishipa ya damu iliyokuwa imebanwa na dawa inatanuka. Aliyepaka mwili mzima kwa miaka asijiachishe mwenyewe; mwili huenda umepunguza kutengeneza kotisoli yake, homoni inayousaidia kuhimili maradhi na mshtuko. Akiishiwa nguvu, akapata kizunguzungu akisimama au kutapika, hospitali haraka. La sivyo, daktari wa ngozi ampangie namna ya kupunguza.

Bi_Kanga: Naongezea ya kila siku. Sabuni isiyo na manukato, kisha vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya SPF 30 kwenda juu, yaani kipimo cha kinga kilichoandikwa kwenye chupa, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, arudie kila saa mbili akiwa juani. Limau, dawa ya meno na skrabu asiguse. Vifundo huchelewa sana kutulia. Michirizi ya mapajani haiishi, hufifia tu. Afadhali aambiwe mapema.

Nuru_Tanga: Asanteni. Na kama ndiye bibi harusi mwezi ujao?

Saluni_Kwanza: Uso ukiwa bado unawaka, fundi asiuguse. Ukiwa umetulia, wafanye jaribio wiki mbili kabla. Fandesheni ipakwe kwenye taya, watoke nje waitazame juani: ilingane na shingo na kifua. Mafundi wengi hupandisha rangi bila kuuliza, hivyo aseme kabla brashi haijashikwa: "Nipake rangi yangu, usining'arishe." Mpiga picha naye aambiwe, maana weupe mwingine unaongezwa kwenye kompyuta.

Simu yake azime ile sehemu ya urembo kwenye kamera, nyingi huja ikiwa imewashwa. Picha moja kwa wiki, dirishani, mwanga uleule, inatosha. Kioo cha kila saa hukuza kila doa.

Kwa shangazi wa "umefubaa": "Nimeacha mkorogo, shangazi. Chai iko tayari?" Asieleze zaidi. Ukianza kueleza, umefungua kikao.

Mama_Ngozi: Na kopo lililobaki asimgawie mdogo wake.