Kelvin, Bianca na Daftari la Kituo

Kikundi: UKOO WA URU NA UGHAIBUNI

Jumamosi

Mama Kelvin: Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Kelvin ametoka kituo cha polisi, yuko hapa nyumbani anakunywa uji. Asanteni kwa simu na maombi.

Shangazi Ndeshi: Mungu ni mwema. Wamempiga?

Mama Kelvin: Hapana wifi. Walimfunga pingu tu, mengine hakuna.

Babu: Pingu kwa kosa gani?

Kelvin: Shikamoo Babu. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, mazoezi ya kawaida, nikawa nashuka kutoka Uru kuja Rau. Kumbe kuna duka limevunjwa usiku. Difenda ya polisi ikanikuta njiani, wakasema simama, nikasimama. Wakauliza natoka wapi, nikasema niko mazoezini. Mmoja akasema mtu wa mazoezi hafichi kichwa. Nilivaa kofia ya jaketi Babu, kulikuwa na manyunyu.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Pole sana.

Kelvin: Kuchukuliwa mimi sina neno sana. Duka limevunjwa kweli, wanatafuta watu. Kilichoniumiza ni kilichoandikwa. Wamenisomea maelezo yao, eti "alipowaona askari alikimbia". Mimi nilikuwa nakimbia tangu getini kwetu!

Shangazi Ndeshi: 😡😡

Mama Kelvin: Hapo ndipo na mimi nimekwama. Wangesema tulimtilia shaka tukamchukua, tukamwachia, ningesema sawa, kazi yao ngumu. Lakini mtoto alisimama, halafu karatasi inasema alikimbia.

Mjomba Afande: Poleni familia. Mimi ndiye niliyekwenda kumdhamini, na dhamana ni bure, sijatoa hata shilingi. Nimeongea na wale vijana kwa heshima na wao wamenipokea kwa heshima. Naomba tusiwachafue. Wengine wamepita CCP, chuo cha polisi hapa hapa Moshi, nikiwa nafundisha kwata. Mtu amekesha doria usiku mzima, saa kumi na moja giza bado, anamwona kijana anakuja mbio na kofia kichwani. Wewe ungefanyaje?

Shangazi Ndeshi: Ningemuuliza, kisha ningeandika alivyojibu.

Mjomba Afande: Dada, usiku haukai hivyo.

Manka (London): Shikamoo Babu, shikamoo Mjomba, shikamooni wote. Nimeamka nikakuta meseji zimejaa. Kelvin pole mdogo wangu. Mnajua hii imenikumbusha nini? Bianca Williams. Kelvin unamjua.

Kelvin: Namjua dada. Mkimbiaji wa Uingereza, mita 100 na 200. Walichukua dhahabu ya kupokezana vijiti Jumuiya ya Madola 2018.

Babu: Alifanya nini huyo binti?

Manka (London): Babu, tarehe 4 Julai 2020 alikuwa kwenye gari na mwenzake, Ricardo dos Santos, naye mkimbiaji wa mita 400 wa Ureno. Wanatoka mazoezini, mtoto wao wa miezi mitatu yuko kiti cha nyuma. Askari wakawafuata hadi Maida Vale, magharibi ya London, wakawashusha, wakawafunga pingu wote wawili, wakatafuta silaha na dawa za kulevya. Hawakukuta kitu. Kuna video, Bianca anasikika analia kwamba mtoto wake yuko garini. Aliyeirusha mtandaoni ni kocha wao, Linford Christie.

Babu: Christie wa Barcelona 1992? Yule wa mita 100?

Manka (London): Huyo huyo Babu.

Babu: Na mtoto mchanga alibaki na nani wakati mama ana pingu?

Manka (London): Walimtenganisha naye kwa muda Babu. Mimi nilikuwa ndiyo nimejifungua mwaka ule. Niliitazama ile video nikaizima.

Mama Kelvin: Yesu wangu.

Mjomba Afande: Manka, waambie na sababu iliyotolewa. Mtu akisikia upande mmoja anaamua upande mmoja.

Manka (London): Sawa Mjomba. Polisi walisema gari lilikuwa linaendeshwa vibaya. Halafu wawili kati yao wakasema walisikia harufu ya bangi. Na hiyo harufu ndiyo kesi nzima.

Kelvin: Kwani hawana kamera za kifuani huko?

Manka (London): Wanazo. Picha zipo, sauti ipo. Lakini kamera hainusi. Harufu inabaki neno la askari dhidi ya neno lako.

Shangazi Ndeshi: Kama "alikimbia".

Manka (London): Eeh shangazi. Sasa sikilizeni ilivyokwenda. Kwanza idara yao wenyewe ya nidhamu ilitazama zile picha mara mbili ikasema haioni kosa. Baada ya siku chache mkuu wa polisi wa London wakati huo, Cressida Dick, akaliambia Bunge kwamba Bianca ameombwa radhi kwa usumbufu alioupata. Suala likapelekwa kwenye chombo huru kinachochunguza polisi, IOPC. Miaka mitatu! Septemba 2023 ndipo askari watano waliposimamishwa mbele ya jopo la nidhamu, uamuzi ukatoka Oktoba. Watatu wakaonekana hawana kosa. Wawili wakafukuzwa kazi, jopo likisema wamedanganya kuhusu ile harufu. Madai kwamba walisimamishwa kwa sababu ya rangi yao hayakuthibitika, hilo nalo niliseme.

Mama Kelvin: Kwa hiyo hawakufukuzwa kwa pingu.

Manka (London): Hapana Mama Kelvin. Kwa uongo.

Mama Kelvin: Hayo ndiyo maneno yangu tangu asubuhi.

Mjomba Afande: Manka hujamaliza. Mwaka uliofuata ilikuwaje?

Manka (London): Nilikuwa nakuja huko Mjomba 🙏 Oktoba 2024 wale wawili walikata rufaa wakashinda. Baraza la rufaa la polisi likasema uamuzi wa jopo haukuwa na mantiki na unajipinga wenyewe. Wakarudishwa kazini.

Mjomba Afande: Hapo. Mimi hiyo habari niliifuatilia mpaka mwisho, maana nimevaa hilo gwanda. Vijana wawili wameitwa waongo dunia nzima, majina yao kwenye kila gazeti, mwaka mzima hawana kazi, halafu rufaa inasema hukumu ilikosea. Na wao wana mama zao. Askari akiona kwamba atatolewa kafara kila mara video ikisambaa, ataacha kusimamisha mtu yeyote, na duka la mtu litavunjwa.

Babu: Hoja ya mjomba wenu ina uzito.

Shangazi Ndeshi: Ina uzito Baba, lakini nani sasa anajua ukweli? Bianca anajua alichoona, askari wanajua walichosema wamenusa, na jopo na rufaa wamepingana. Wananchi wa London wabaki wamwamini nani?

Manka (London): Shangazi, ndivyo ilivyo. Kila mtu amebaki na upande wake. Mimi niko zamu na wenzangu wodini, weusi wanasema mnaona, wamerudishwa. Wazungu baadhi wanasema mnaona, walionewa. Na ilikuja wakati imani imeshachoka. 2021 askari wa jeshi hilo hilo la polisi la London, akiwa nje ya zamu, alimteka na kumuua mwanamke aitwaye Sarah Everard, na alitumia kitambulisho chake cha polisi kumkamata. Ikaundwa tathmini ya Baroness Louise Casey. Machi 2023 ikatoka ikasema jeshi hilo lina ubaguzi wa rangi na wa kijinsia ndani ya mfumo wake. Sasa mtu aliyesoma hayo, ukimwambia "nilisikia harufu", atakuamini kwa lipi?

Mjomba Afande: Hapo nakubaliana na wewe. Neno la askari lina thamani kwa sababu ya maneno ya askari waliomtangulia. Nilikuwa nawaambia kuruti: ukiandika uongo mmoja kwenye jalada, mwenzako wa Mtwara akiandika kweli hataaminiwa.

Kelvin: Mjomba naomba niulize. Hii rekodi yangu inakaa kituoni hadi lini? Maana nilitaka kuomba nafasi jeshini mwakani. Wakimbiaji wengi ajira yao iko huko, Alphonce Simbu mwenyewe, bingwa wa dunia wa marathoni 2025, ni mwanajeshi. Wakipekua wakakuta niliwahi kukamatwa nikiwakimbia polisi?

(Kimya cha dakika kadhaa.)

Mama Kelvin: Kaka, umeona swali la mwanao?

Mjomba Afande: Nimeliona. Nafikiri.

Kelvin: 📷 Picha

Kelvin: Hii ni saa yangu ya mazoezi. Inaandika kila kilomita. Tazameni. Ya tisa dakika 4 sekunde 31. Ya kumi 4:28. Ya kumi na moja 4:30, halafu inakatika, hapo ndipo difenda iliposimama. Ningekuwa nimekimbia askari, mstari ungepanda. Na mapigo ya moyo yako palepale, yanapanda BAADA ya kusimama.

Shangazi Ndeshi: Weee! Hebu kuza hiyo.

Babu: Mimi sioni vizuri, mtu anisomee.

Mama Kelvin: Baba, inaonyesha mwendo wake haukubadilika hata kidogo mpaka aliposimama. Na moyo ulianza kwenda mbio akiwa amesimama. Alikuwa anaogopa.

Mjomba Afande: Kelvin, hiyo saa mtu anaweza kuibadilisha akaandika anachotaka?

Kelvin: Inajituma yenyewe kwenye simu, na saa na mahali vinaonekana. Ramani ipo. Unaona kabisa kwamba nimesimama kabla ya daraja.

Mjomba Afande: Uliwaonyesha kituoni?

Kelvin: Walishaichukua saa pamoja na simu na mkanda wangu. Nilivyorudishiwa nilikuwa nataka kutoka tu.

Mjomba Afande: Usifute kitu. Usiiweke mtandaoni. Itume kwangu.

Shangazi Ndeshi: Kwa nini isiwekwe mtandaoni? Linford Christie angekaa kimya, wale wakubwa wa London wangehangaika? Manka amesema hapo juu, wenyewe walitazama mara mbili hawakuona kosa!

Mjomba Afande: Dada, ukiweka leo, kesho huyo kijana aliyeandika anatukanwa na watu elfu kumi na hajaulizwa hata swali moja. Halafu mkuu wa kituo atamlinda kwa sababu ameshambuliwa. Nipe nafasi nipite mlangoni kwanza. Tukifungiwa, utaweka na mimi sitakuzuia.

Babu: Apewe nafasi.

Manka (London): Mimi namwunga mkono Mjomba, lakini Kelvin hifadhi nakala nje ya hiyo simu. Nitumie na mimi.

Mjomba Afande: Na wote humu, hasa vijana, shikeni haya. Anayekukamata lazima akuambie kosa. Una haki ndugu au wakili awepo wakati wa kuhojiwa. Mahojiano yana muda wake, saa nne za kwanza tangu ushikiliwe, kuongeza kuna utaratibu. Ukiandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo yako kama mtuhumiwa, soma mstari kwa mstari kabla ya kusaini, na kama kuna neno hukulisema, lisahihishwe hapo hapo. Ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani au upewe dhamana. Mimi nimefundisha hayo miaka mingi na nimeona aibu leo kwamba mtoto wa nyumbani kwangu hakuyajua.

Mama Kelvin: Asante kaka.

Jumatatu

Mama Kelvin: Kaka mmeshatoka? Naona mchana huu.

Mjomba Afande: Tumetoka. Mkuu wa kituo ametusikiliza vizuri. Aliagiza jalada, akasoma ile sentensi, akaitazama ramani ya saa muda mrefu, akamuuliza Kelvin maswali matatu manne ya maana. Ameagiza Kelvin aandike maelezo ya nyongeza, ameandika, ameyasoma, amesaini. Ramani imechapishwa steshenari hapo jirani na imeingizwa ndani.

Mama Kelvin: Na ile sentensi imefutwa?

Mjomba Afande: Haifutwi. Maelezo ya askari yakishaandikwa hayafutwi, hata kama yana makosa. Na isiwe rahisi kuyafuta, maana hata ya kweli yangefutwa.

Mama Kelvin: Basi mwanangu bado ameandikwa kwamba aliwakimbia polisi.

Mjomba Afande: Ameandikwa. Na jibu lake liko humo humo sasa. Jana halikuwepo.

Shangazi Ndeshi: Na aliyeandika amesemaje?

Mjomba Afande: Hakuwa zamu. Ninachojua ni kijana wa mwaka wa kwanza kazini. Nimemwomba mkuu wa kituo tukutane naye, na Kelvin akiwepo. Sitaki aadhibiwe kwa ajili ya kuturidhisha sisi. Nataka aulizwe aliona nini, ajibu mbele ya mtu aliyemwandika.

Mama Kelvin: Na mimi niwepo.

Mjomba Afande: Dada, pale hutakiwi kulia wala kupaza sauti.

Mama Kelvin: Sitalia kaka. Nataka anitazame aniambie kwamba mtoto alikimbia. Kama ndivyo alivyoona kweli, anieleze alionaje, nitamsikiliza. Kama aliandika tu kwa sababu inaandikwaga hivyo, aseme hivyo.

Manka (London): 👏🏾👏🏾

Babu: Mama Kelvin amesema vizuri. Aende.

Mjomba Afande: Haya. Ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Nitawapitia saa mbili na nusu. Kelvin, hiyo siku mazoezi yasikucheleweshe, na saa uje nayo mkononi.

Kelvin: Sawa Mjomba. Nitakimbilia uwanjani siku hiyo, siyo barabarani.

Mama Kelvin: Utakimbia barabarani kama siku zote.