Naomba ushauri: naandika hotuba za mheshimiwa ila roho inaniuma

Wakuu habari zenu, mimi ni msaidizi wa mbunge mmoja, kazi yangu kubwa kumuandikia hotuba. Niliingia na moto kweli, namuwaza Ted Sorensen, yule mwandishi wa hotuba za Rais Kennedy, alivoanza kazi kwa Kennedy 1953 akiwa na miaka 24 tu na 1961 wakaingia wote Ikulu ya Marekani. Sasa bunge la bajeti nimeandika shida ya maji jimboni, vijiji nimezunguka mwenyewe nikaongea na kina mama kwenye foleni za ndoo, mheshimiwa akakata yote akabakiza pongezi tu, yani niliumia sana. Mshahara nauhitaji, nina mtoto shule. Nimwambie ukweli au niache nirudi kwenye uandishi wa habari? Mliowahi kufanya hii kazi naombeni msaada.