Kutoa sauti 44,100 kuipeleka 48,000, nimekwama

korosho_ghafi:
Wakuu habari za jioni, nipo Mtwara mjini. Nilienda Newala kumrekodi bibi akiimba, kinasa sauti kilikuwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, video ya simu 48,000. Nikaandika skripti ya Python, mwanzo nikabadilisha tu ile namba ya sampuli kwa sekunde iliyoandikwa mwanzo wa faili, nikaweka 48,000, bibi akawa anaimba kama katoto na dakika 60 zikawa 55. Nikasoma kwamba unachomeka sifuri, unachuja, ndo unapunguza, kompyuta yangu ya ramu GB 4 ikaganda kabisa, kipande cha sekunde 5 kikakubali ila sauti inasikika kwa mbaaali kama redio ya jirani. Nakosea wapi?

fundi_lindi:
Hiyo ya katoto uliicheza haraka tu mkuu. Gawa zote kwa 300, unabaki na 160 na 147. Kila sampuli unaifuatisha sifuri 159, unachuja, halafu unaokota moja katika kila 147. Imefifia kwa sababu zile sifuri zimekula nguvu, zidisha filta mara 160. Na filta ikate kwenye Hz 22,050, ukilegeza hapo vinabaki vivuli vya sauti ambavyo bibi hakuviimba.

Ramu sasa, pale katikati una sampuli 7,056,000 kwa sekunde, dakika moja tu ya mono (chaneli moja) ni gigabaiti 3 na ushee, itaachaje kuganda! Usizijenge. Filta ikiwa na namba 3,200, kila sampuli inayotoka inahitaji 20 tu, zile 3,180 zinazidishwa na sifuri, ni kubangua maganda matupu. Tumia resample_poly(x, 160, 147) ya SciPy (maktaba ya hesabu ya Python), x ni sauti yako, inaziruka yenyewe na ile mara 160 imeshaweka, usizidishe tena.

mikindani_boy:
Si ungeseti kinasa 48 tangu mwanzo 😂

korosho_ghafi:
Kinasa cha kuazima kaka, hata menyu sikujua iko wapi. Fundi asante sana, bibi karudi kuwa bibi. Ila ikifika dakika ya 40 hivi mdomo na sauti vinapishana kidogo.

fundi_lindi:
Hiyo sio 160/147 tena, kila kifaa kina saa yake ndani na 44,100 ya kinasa haiwi 44,100 kamili. Kata pale bibi anapopumzika kati ya nyimbo, usogeze kipande kimoja kimoja.