Kura za Brandenburg zilimsafisha Manfred Stolpe?

Wakuu habari zenu. Kuna mdau kasema ishu ya Stolpe na Stasi, yaani usalama wa taifa wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, walishaifunga wananchi wenyewe, maana 1994 watu wa Brandenburg waliipa chama chake cha SPD asilimia 54 ya kura, sasa sisi tunataka nini tena. Mimi napinga.

Kwa wasiomjua, Stolpe alikuwa mwanasheria na kigogo wa utawala kwenye kanisa la Kiprotestanti Ujerumani Mashariki, nchi zilipoungana 1990 akawa waziri mkuu wa jimbo la Brandenburg mpaka 2002. Januari 1992, faili za Stasi zishaanza kufunguliwa, ndo anajitokeza kusema kwamba miaka mingi alikuwa anakutana na maofisa wao. Mbona hakusema 1990 wakati anaomba kura? Hapo ndo pananiuma.

Kazi aliyofanya siikatai. Alikuwa anaenda kuwaombea watu kwa wakubwa, wafungwa wa siasa na waliotaka kuhama, na kwa utawala ule humtoi mtu ndani bila kuongea na wenye funguo. Pia haikupatikana karatasi yenye saini yake ya kukubali kuwa mtoa habari, japo kwenye majalada yao alikuwa na jina la siri, "Sekretär". Lakini kuna ile medali ya serikali ya 1978, yeye anasema alipewa na kiongozi wa serikali aliyeshughulikia mambo ya makanisa, ofisa wa Stasi anasema hapana, nilimkabidhi mimi, tena kwenye nyumba yetu ya siri. Jamani, medali mtu anasahau kaivishwa na nani?

Günter Nooke wa chama cha Bündnis 90, huyu huyu aliyekuja kuwa mjumbe wa Merkel kwa Afrika, chama chake kilikuwa serikalini na Stolpe, akasema hayaamini maelezo yake na Machi 1994 serikali ya pamoja ikavunjika. Septemba wananchi wakampa Stolpe ushindi wa kutawala peke yake. Nawaelewa kabisa, viwanda vimefungwa, ajira hakuna, halafu watu wa Magharibi wanakuja kuhukumu maisha yao yote, kwa hiyo kumtetea yeye ilikuwa kujitetea wenyewe. Ila waliofuatiliwa na Stasi hadi majumbani mwao nao walikuwa raia wa jimbo hilohilo.

Kwangu mimi angekaa pembeni kamati ya bunge la jimbo iliyokuwa inamchunguza imalize kazi, ndo arudi kugombea. Mnaosema kura zilitosha, ule utata wa medali kura ziliujibu vipi?