Mjadala: Ashoka alitubu kweli, au alitubu Kalinga ikiwa tayari mkononi?

Mleta mada:
Wakuu, akitajwa Ashoka wa dola ya Maurya, India ya kale, husifiwa kuwa ndiye mfalme aliyeona damu ya Kalinga, nchi aliyoivamia na kuiteka, akaacha vita na kushika mafundisho ya Buddha. Mimi siafiki kirahisi hivyo. Tusome maneno yake mwenyewe. Katika andiko la 13 kati ya matangazo yake yaliyochongwa miambani anasema kwamba mwaka wa 8 tangu atawazwe, watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 wakauawa, na wengine wengi zaidi wakafa. Anasema anajuta. Sawa, lakini Kalinga hakuiachia, wala hakuna mstari unaosema wale mateka walirudishwa makwao. Tena papo hapo anawaonya watu wa misituni kwamba pamoja na majuto yake, nguvu za kuwaadhibu bado anazo.

Linaloniuma zaidi liko Dhauli na Jaugada, ndani ya Kalinga yenyewe, leo jimbo la Odisha nchini India. Kule andiko la 13 halimo. Mahali pake yamechongwa maagizo kwa maofisa, yenye maneno "watu wote ni watoto wangu". Majuto yakasomwa Shahbazgarhi, mbali kabisa kaskazini-magharibi, leo nchini Pakistan, na wafiwa hawakuandikiwa.

Mchangiaji:
Mkuu, unamhukumu kwa mizani ya leo. Wafalme wengi wa kale walichonga idadi ya waliowaua ili wajisifu. Huyu alichonga akisema inamuuma. Na matendo yapo: visima kando ya barabara, dawa za watu na za wanyama, na jikoni kwake kitoweo kikapunguzwa hadi tausi 2 na swala 1 kwa siku, tena swala si kila siku. Halafu, Kalinga angemrudishia nani?

Mleta mada:
Wenyewe, ndugu yangu. Visima navikubali. Hata adhabu ya kifo, ambayo hakuifuta, aliipunguzia makali: aliyehukumiwa alipewa siku 3 jamaa zake wamwombee asiuawe. Kwa aliyefungwa siku hizo ni kubwa, sizidharau. Ila toba kwangu huanzia kwa aliyedhulumiwa: umrudishie chake, au walau ukiri mbele yake. Anayeona ni kwa huruma andiko lile halikuchongwa Dhauli, ili wafiwa wasitoneshwe kidonda, alete hoja zake. Mimi naona aliogopa hasira zao.